Macho makavu: kilichonisaidia mimi

Mimi ni fundi cherehani, naishi Dodoma. Kwa muda mrefu macho yalikuwa yakiwasha na kuchoma, nahisi mchanga ndani, na upepo ukivuma kidogo tu machozi yananichuruzika mashavuni. Kila duka la dawa niliambiwa ni aleji.

Daktari wa macho aliposema macho yangu ni makavu, nilibisha. Makavu vipi wakati yanamwaga machozi? Akanifafanulia kwamba machozi yanayolinda jicho si maji matupu. Yana ute unaoyashikisha, yana maji, na juu yake utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Vitezi vikiziba, machozi hukauka upesi, jicho linachoma, kisha mwili unamwaga maji mengi kwa mpigo, nayo yanateremka tu bila kufaa kitu.

Alinipima. Kikaratasi kiliwekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5; maji yalitosha. Kisha akanitia rangi ya manjano, akaniambia nisipepese, akaangalia kwa mwanga wa bluu. Utando wa machozi ukikatika kabla ya sekunde 10 ni dalili ya ukavu, na wangu ulikatika karibu papo hapo. Alipobonyeza ukingo wa kope, badala ya mafuta mepesi yalitoka mazito kama dawa ya meno. Shida yangu ilikuwa mafuta.

Ndiyo maana tiba iliyonitoa ni kitambaa cha moto. Wengi hukijaribu wakakata tamaa, kwa sababu kitambaa hupoa haraka na mafuta yaliyoganda hayayeyuki kwa uvuguvugu. Mimi natumia viwili: kimoja machoni, kingine ndani ya bakuli la maji ya moto ambayo ngozi inayavumilia. Kikipoa nabadilisha, mpaka zifike dakika 10. Halafu kwa kidole safi nakanda kope taratibu kuelekea ukingoni: ya juu nateremsha, ya chini napandisha. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni wiki kadhaa ndipo nikaona nafuu, na sijaacha hadi leo.

Matone ya machozi ya bandia nayo yana nafasi yake. Ila mengi ya chupa yana kemikali ya kuzuia vijidudu, na ukiyatia zaidi ya mara 4 hivi kwa siku, kemikali hiyo yenyewe inaweza kulichubua jicho. Anayehitaji mara nyingi aulizie yasiyo na kemikali hiyo. Yapo ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Ni ghali zaidi, lakini macho ni macho. Yale ya kuondoa wekundu niliyaacha kabisa, maana wekundu hurudi. Na tafadhali, usijinunulie matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Yanatuliza haraka kweli, lakini yakitumiwa kiholela yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Hayo yaende na daktari anayekufuatilia.

Kazini feni niliigeuza, sasa inapuliza miguuni. Na kila nikikata uzi nafumba macho kabisa, nafumbua, ndipo napitisha mshono mwingine, kwa sababu anayekodolea sindano hupepesa mara chache.

Dada mmoja niliyezoeana naye kliniki ana baridi yabisi, na mdomo wake pia unakauka. Kwake kilichopungua ni maji yenyewe, hivyo kitambaa hakikumsaidia sana. Aliwekewa vizibo vidogo kwenye vitundu vya kope vinavyopitisha machozi kwenda puani, na akaandikiwa matone ya saiklosporini, dawa inayotuliza uvimbe unaozuia machozi kutengenezwa. Matone hayo huchoma mwanzoni, na huchukua miezi kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo aliambiwa mapema asiyaache njiani.