Lile "tu"

Tangu Jumamosi neno moja halinitoki kichwani, tena neno lenyewe lina herufi mbili. Harusi ya binti yake Ami imekwisha salama, umeme umekatika siku mbili ukarudi, hoteli ya Nungwi imekubali tukapige, Mama amevuka kwenda Wete, Pemba, na yote hayo yamepita mimi nikiwa nalo.

Mazoezi ya bendi yetu yalikuwa yamekwisha. Dogo, mpiga ngoma wetu, amechuchumaa anakunja waya wa maikrofoni kama anavyokunja siku zote: mzunguko mmoja wa kawaida, unaofuata anaupindua kwa ndani, ili waya usijisokote na nyuzi za ndani zisikatike. Mimi nimeshika fomu ya kusajili nyimbo, naisoma kwa sauti. "Maneno, mimi. Muziki, mimi na Ami."

Dogo akauliza bila kuinua macho, "Na mie je, kaka?"

"Wewe umepiga ngoma tu, yakhe."

"Haya," akasema, akaendelea na waya wake.

Jumapili nilijiaminisha kwamba sikusema "tu", kwamba nilisema "umepiga ngoma" na basi. Jumatatu nikamuuliza mpiga besi. Akanitazama kidogo, akasema, "Ulisema." Sasa ninachokisikia zaidi ni ile "Haya" yake. Dogo akikasirika hupiga kelele, mnamjua. Hii haikuwa na kelele hata chembe.

Najua ulimi wangu umeitoa wapi jibu lile. Tumekulia kwenye taarab, na kwenye taarab mtangazaji anataja watu watatu: maneno ya fulani, muziki wa fulani, mwimbaji fulani. Mpiga dumbaki, yaani mpiga ngoma, hatajwi. Kwa vikundi vikubwa kama Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, utaratibu huo una mantiki yake, maana shairi linakuja limekamilika, mtu analitia muziki, kisha wapigaji wanafundishwa. Sisi hatufanyi hivyo. Sisi ni watu wanne na chumba kimoja, na wimbo unazaliwa humohumo.

Wimbo tunaobishania niliuleta mimi, beti tatu na kiitikio. Ami akautafutia sauti kwenye udi. Ukakaa wiki tatu umekufa. Tuliupiga kwa mapigo manne yaliyonyooka, kila pigo zito sawasawa, na maneno yakawa yanatembea kama mtu aliyebeba gunia. Siku moja Dogo akauvunja. Mlio wa mkwasa, vile vijiti vya kidumbaki, akauhamishia kwenye ukingo wa ngoma ya mbele. Mapigo ya vidumbaki viwili, zile ngoma ndogo, akayagawa kwenye ngoma mbili za juu, moja ameilegeza ngozi, nyingine ameikaza. Ngoma ya mguu akaiondoa kabisa kwenye pigo la kwanza, ikaingia kwenye la pili, kwa hiyo mwanzo wa kila mzunguko uko wazi na sauti ya mwimbaji inapata pa kukanyaga. Halafu kabla ya kiitikio akanyamaza mapigo mawili mazima. Watoto wa uchochoroni kwetu wanauimba wimbo huu, na wakifika pale wananyamaza na wao, kisha wanapiga makofi na kuingia pamoja. Hawajui ubeti hata mmoja mpaka mwisho. Kile kimya wanakijua.

Ndiyo nikasema "tu".

Jumatano usiku nilirudia kusoma habari za R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, na kifua kikafunguka. Mnajua nimewasoma bendi hii kwa miaka, lakini safari hii nilikuwa natafuta jambo moja: walikaaje pamoja. Walianza Athens, Georgia, mwaka 1980, wakapiga mara ya kwanza mwezi wa Aprili kwenye kanisa la zamani. Singo ya kwanza 1981 kwa lebo ndogo, albamu ya kwanza 1983, mkataba na kampuni kubwa ya Warner Bros. 1988, wakaagana 2011 kwa heshima. Miaka 31. Na muda wote wale wanne walipokuwa pamoja, nyimbo walizotunga ziliandikwa majina yote manne, kwa mpangilio wa alfabeti: Berry, Buck, Mills, Stipe. Mpiga ngoma ndiye wa kwanza!

Kuna mfano mmoja nimeupenda sana. "Everybody Hurts", wa mwaka 1992, kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Bill Berry, yule mpiga ngoma, na kwenye rekodi mapigo yanayosikika zaidi ni ya mashine. Mpiga ngoma katunga, mashine ikapiga, na karatasi ikasema wanne. Ungetumia kanuni yangu ya Jumamosi ungepotea njia hapohapo. Berry alipoondoka 1997, nyimbo mpya zikawa za watatu, za zamani zikabaki za wanne.

Sisemi usawa ni haki kila mara. Wimbo ukija umekamilika, maneno na sauti, mwenyewe aseme siku ileile na aandikwe peke yake. Uliojengwa chumbani ugawanywe sawa. Ubaya ni kungoja. Siku wimbo hauna thamani watu hugawana wakicheka, siku umepata mteja kila mtu anakumbuka mchango wake mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Kwa hiyo nimeandika karatasi mpya, moja kwa kila wimbo. Juu jina la wimbo na tarehe. Chini majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, si ya jukwaani, kwa sababu majina yakitofautiana malipo yanakwama. Kila jina na asilimia yake, jumla iwe 100 kamili. Sisi wanne ni 25 kila mmoja, hakuna tabu. Mkiwa watatu mkaandika 33.33 mnapata 99.99 na fomu inaweza kukataliwa, basi mmoja apewe 33.34. Sahihi zote, nakala nne, kila mtu na yake.

Rekodi ina karatasi yake mbali, kwa maana wimbo ni mali moja na rekodi ni mali nyingine. Aliyelipia studio ana neno kwenye rekodi hata kama hakutunga kitu. Kila rekodi inapewa msimbo wake wa kuitambulisha, unaoitwa ISRC, wenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na mkiupiga upya jukwaani mkarekodi, huo ni msimbo mwingine. Mtu wa filamu akiutaka wimbo anahitaji ruhusa ya pande zote mbili, na sahihi moja ikikosekana anachukua wimbo wa wengine.

Ami nimemsomea kwa simu. Amesema, "Sawa mwanangu, ila msomee Dogo mbele ya watu, maana ulimwambia mbele ya watu." Kesho nitamsomea, kwa sauti ileile, kabla hajaanza kukunja waya.

Sasa ni saa tatu usiku. Boti ya Mama ilitakiwa ifike Wete tangu alasiri, simu yake inaita haipokelewi, na dawa zake za presha nimeziona hapa juu ya friji.