Gitaa Kavu Kwenye Hewa ya Chumvi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa jirani zangu hapa Kigamboni aliniletea gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, alilolinunua mwaka jana, akaniomba nimtafutie mteja, kwa kuwa alikwisha kujiridhisha kwamba vidole vyake havikuumbwa kwa kazi hiyo. Nililipokea, nikapitisha kidole gumba chini ya uzi wa nne (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kuliko zote), na kidole kikatoka na mstari mweusi wenye ukijani, mithili ya ule unaobaki mkononi ukishika kitasa cha shaba kilichokaa miaka bila kufutwa. Uzi wa kwanza ulikuwa na kutu ya kukwaruza. Nilimwambia asubiri wiki mbili kabla hatujazungumzia bei, kwa sababu niliona wazi kuwa vidole vyake havikuwa na kosa lolote.

Vitabu vya mafunzo ya gitaa huandikwa zaidi na watu wanaoishi kwenye baridi, na hofu yao kubwa ni ukavu wa nyumba zinazopashwa joto, ambao hupasua mbao. Sisi wa Dar es Salaam tuna tatizo la upande wa pili. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa la mbao likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, lakini hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, huvuka kiwango hicho bila shida. Mbao hunywa unyevu huo na kuvimba, uso wa gitaa hujiinua kidogo, nyuzi hupanda juu ya shingo, na mpigaji anayejifunza hulazimika kubana kwa nguvu ambazo hata fundi wa miaka ishirini asingezifurahia. Juu ya hayo kuna chumvi ya bahari na jasho la mikono, vitu viwili ambavyo chuma hakivipendi kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kubadilisha nyuzi kila baada ya miezi mitatu kwa kufuata kalenda. Mtu wa Dodoma na mtu wa Msasani hawawezi kuwa na kalenda moja. Uzi wenyewe husema: sauti yake hufifia, hukataa kutulia unapoutyuni, yaani unapoukaza kutafuta sauti yake sahihi, na ukiupapasa kwa chini pale unapokutana na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, utasikia vijishimo. Ukifika hapo, ubadilishe hata kama una wiki tano tu.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ya kurefusha umri wa nyuzi ni kitambaa. Nina kipande cha kanga ya zamani, pamba tupu iliyofuliwa mpaka ikalainika, ambacho hukaa kwenye mfuko wa gitaa. Kila ninapomaliza kupiga hukipitisha juu ya nyuzi, kisha hukiingiza chini yake na kukivuta kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, kile kipande cha usoni mwa gitaa kinachoshika ncha za nyuzi. Kazi hiyo haifiki hata dakika moja. Kunawa mikono kabla ya kupiga nako ni muhimu, na wanaopenda kushika gitaa huku wakimalizia sahani ya mihogo ya kukaanga wajue kwamba wanajilipisha wenyewe.

Kabla ya kununua nyuzi, hakikisha unajua gitaa lako ni la aina gani, na hapa nazungumza kama mtu aliyeumia. Gitaa la kwanza nililomiliki lilikuwa la nyuzi za nailoni, zile ambazo tatu nyembamba hufanana na mshipi wa kuvulia samaki. Zilipokatika nilikwenda kwenye duka moja mjini, nikauziwa seti ya nyuzi za chuma bila kuulizwa swali, nami sikuuliza. Nyuzi za nailoni, zote sita zikikazwa, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40, lakini seti ya kawaida ya chuma, ile inayoanza na uzi wenye unene wa inchi 0.012, huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na gitaa la nailoni halikuwekewa mbavu za ndani za kuhimili mzigo huo. Usiku wa tatu tulisikia mlio kama wa ubao unaovunjwa gotini. Daraja lilikuwa limeng'oka na ngozi nyembamba ya uso wa gitaa, likining'inia kwenye nyuzi zake. Seremala wa Keko alilibandika upya kwa gundi ya mbao na kulibana kwa klampu usiku kucha, akanitoza pesa ya soda, na gitaa hilo linalia hadi leo, ingawa kovu linaonekana.

Kubadilisha nyuzi kwenyewe si kazi ya kuogopesha. Wapo wanaosema ukizitoa zote sita kwa mkupuo shingo itaharibika. Kwa muda wa saa moja au mbili haitaharibika, na huo ndio wakati pekee wa kufuta uchafu ulioganda kando ya freti. Hata hivyo, kwa anayeanza, ni rahisi zaidi kutoa uzi mmoja na kuweka mpya kabla ya kugusa unaofuata, kwani daima atakuwa na mfano mbele ya macho yake. Legeza kwanza uzi mpaka ulale kabisa, usiukate ukiwa umekazwa, maana chuma kinachoruka hakichagui jicho. Kwenye gitaa la chuma, vuta pini iliyo kwenye daraja. Ikigoma, ingiza mkono kwenye tundu la sauti na uisukume kutoka chini badala ya kuing'ang'ania kwa plaizi na kuivunja kichwa.

Hatua inayowashinda wengi ni inayofuata. Uzi mpya una kishanga cha shaba kwenye ncha yake. Kiingize tunduni, rudisha pini huku mfereji wake ukitazama uzi, kisha vuta uzi taratibu kuelekea juu mpaka usikie kishanga kimekaa chini ya ubao, ubavuni mwa pini. Kikibaki kwenye ncha ya pini, pini itaruka mara uzi utakapokazwa, na utadhani gitaa ni bovu. Upande wa kichwani, acha ulegevu wa sentimita tano hivi kabla ya kuanza kuzungusha, ili upate mizunguko miwili au mitatu inayoshuka chini kwa mpangilio bila kupandana. Mizunguko ikizidi, uzi utakuwa unateleza kila siku, ikipungua, utachomoka. Nyuzi za nailoni hazina kishanga, hufungwa fundo kwenye daraja, nazo huchukua siku kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo usizilaumu mapema.

Ukishamaliza, shika kila uzi katikati na uuvute juu kidogo kwa vidole, utyuni tena, na urudie mara tatu au nne. Uzi mpya hulegea mpaka ukae sawasawa kwenye mizunguko yake, na ni afadhali ulegee mikononi mwako kuliko katikati ya wimbo. Programu za bure za simu zinatosha kabisa kwa kutyuni: uzi wa tano, A, unatakiwa kuwa hezi 110, na nyingine hufuata. Ukipitiliza, rudi chini ya sauti unayoitaka kisha upande tena, kwa kuwa uzi ulioishia kwa kukazwa hushika vizuri kuliko ulioishia kwa kulegezwa. Uzi ukilia "tiki" unapokazwa, umekwama kwenye nati, kile kipande chenye vijia pale shingo inapokutana na kichwa. Sugua penseli kwenye kijia chake, unga mweusi ule utaulainishia njia.

Kuhusu kimo cha nyuzi, chukua rula ya shule upime pale kwenye freti ya 12. Kwa gitaa la chuma, karibu milimita 2.5 chini ya uzi wa sita na milimita 2 chini ya uzi wa kwanza ni pazuri. Ukikuta milimita 4, mpelekee fundi, naye ataangalia fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo au atapunguza kile kipande cha mfupa kwenye daraja. Mimi mwenyewe fimbo hiyo siigusi. Na gitaa lisibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kwenda benki, kwa sababu gundi hulainika.

Sasa mazoezi. Anayepiga kwa kujifurahisha ana kazi, foleni na familia, na kumwambia afanye saa mbili kwa siku ni kumfukuza. Dakika ishirini za kila siku huzidi saa tatu za Jumapili, kwa kuwa ngozi ya ncha za vidole hukomaa kwa kuguswa mara kwa mara na husahau haraka ikiachwa. Bana uzi nyuma tu ya chuma cha freti, si katikati ya nafasi, utashangaa nguvu inavyopungua. Kisha chagua kodi mbili (si ile ya mwenye nyumba, bali noti kadhaa zinazobanwa na kupigwa kwa pamoja), tuseme G na C, weka saa ya dakika moja, na uhesabu umehama mara ngapi kwa usafi. Andika idadi hiyo ukutani.

Wanafunzi wengi hukimbilia solo. Mimi huwashauri wasikilize bendi zetu za dansi, Mlimani Park kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1978, na waache solo ipite zao. Wafuate gitaa la rizimu, lile linalorudia kifungu kilekile kifupi dakika nzima bila kuyumba, huku magitaa mengine yakiingia katika nafasi linazoziacha. Kukirudia kifungu hicho kwa mapigo 60 kwa dakika, bila kuharakisha, ni kugumu kuliko kunavyosikika.

Kijana wangu alirudi Jumatatu, tukabadilisha nyuzi pamoja barazani, tatu nikiziweka mimi na tatu yeye. Kwenye uzi wake wa pili aliichomoa pini mara mbili kabla kishanga hakijakaa. Siku hiyo alihama kutoka G kwenda C mara tisa kwa dakika. Jana amefika kumi na saba. Kodi ya F bado inampiga chenga, na habari za mteja hajaziulizia tena.