Kilomita 10 kwa Saa hadi Port Severn

Pale Three Rivers, katika jimbo la New York, mito ya Oneida na Seneca inakutana na nahodha lazima aamue. Ukipinda kushoto unaendelea na Mfereji wa Erie hadi Buffalo. Ukipinda kulia unashuka na mto Oswego hadi Ziwa Ontario. Sisi tulikuwa tunaelekea Georgian Bay, ghuba ya Ziwa Huron iliyo upande wa Kanada. Shemeji, mwenye boti, alikuwa amekumbatia ramani tangu asubuhi akipiga hesabu. Yeye alitaka Buffalo, Ziwa Erie, Detroit, halafu Huron: maji mapana, injini imefunguliwa, hakuna wa kukusimamisha.

"Shemeji, huko tutaona nini?" nikamuuliza.

"Maji."

"Basi pinda kulia."

Akacheka, akapinda.

Mfereji wa Oswego una urefu wa kilomita 38 tu. Malango yake ya maji, yaani vyumba ambamo boti hupandishwa au kushushwa kwa kujaza na kupunguza maji, ni saba, ila namba zinafika 8, kwa sababu namba 4 haipo. Ziwa Ontario tulilivuka alfajiri, upepo haujaamka, na sina la kusimulia zaidi ya ngurumo ya injini.

Safari yenyewe, kwangu mimi, ilianzia Trenton, upande wa Kanada. Hapo ndipo unapoingia Trent-Severn, njia ya kilomita 386 inayounga mito, maziwa na vipande vya mfereji kukatiza jimbo la Ontario. Ujenzi ulianza 1833, ukamalizika 1920, na kufikia hapo meli za mizigo zilikuwa zimenenepa kupita malango yake. Ikabaki kuwa njia ya watu wasio na haraka. Penye mfereji hairuhusiwi kuzidi kilomita 10 kwa saa. Mtu anayefanya mazoezi ya kukimbia ukingoni anakupungia mkono, anakupita, anapotelea mbele.

Kwenye kila lango kuna mstari wa buluu gatini. Ukifunga boti hapo, wahudumu wanajua unataka kupita. Unaingia taratibu, unazungusha kamba yako kwenye waya uliosimama ukutani na kuishika mkononi. Usiifunge, maana maji yakipanda au kushuka boti itaning'inia. Malango mengi bado yanafunguliwa kwa nguvu za watu: wahudumu wawili wanasukuma wenzo wakizunguka duara, nyayo zao zikifuata njia ileile iliyochakaa. Wewe uko chini, ukuta umelowa, kuna ukoka ulioota kwenye nyufa, na mtu wa juu anakuuliza umetoka wapi. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonifanya nisichoke. Ziwani hakuna anayekuuliza kitu.

Peterborough ilimnyamazisha hata shemeji. Badala ya lango la kawaida kuna mabeseni mawili makubwa ya chuma, kila moja limeketi juu ya pistoni yake, na pistoni hizo zimeunganishwa kwa bomba la maji. Moja likiwa juu, jingine liko chini, kama mizani. La juu linaongezewa maji ya kina cha sentimita 30 hivi, linakuwa zito, linashuka, na kwa uzito huo linalisukuma la chini lipande na boti zake. Hakuna injini inayolinyanyua. Unapandishwa mita 19.8 ukiwa unaelea, na ukisimama tezi unaona mfereji uliotoka umelala chini kabisa, nyuma ya geti moja tu la chuma. Kinyanyuzi hiki kilifunguliwa 1904 na bado kinafanya kazi hiyohiyo. Tulilala juu yake, tukaamka mapema kuwatazama wengine wakipandishwa.

Baada ya hapo ni Stoney Lake, visiwa vya mawe ya waridi vimesongamana hadi unapita katikati yake ukiwa umeshika pumzi. Kirkfield kuna kinyanyuzi kingine cha namna hiyo, na kuanzia hapo maji yanateremka: maboya mekundu uliyokuwa ukiyaacha kulia sasa unayaacha kushoto. Nilibandika karatasi ya kujikumbusha kwenye usukani.

Big Chute boti haipiti majini kabisa. Inaingia kwenye behewa lililozama, inafungwa mikanda, inapandishwa juu ya kilima kwa reli na kushushwa upande wa pili. Uliwahi kuwapo mpango wa kujenga lango hapo, ukaachwa kwa kuhofia samaki aina ya lampri, anayenyonya damu ya samaki wengine, asipenye kuingia maziwa ya juu.

Kama boti yako ina mlingoti, jua kwamba madaraja ya njia hii yanakupa mita 6.7 tu, itabidi uulaze au uende na maziwa makubwa. Na usipange kuja majira ya baridi: malango yanafungwa Oktoba, yanafunguliwa tena Mei. Sisi tulitokea Georgian Bay kupitia Port Severn, lango dogo kuliko yote, shemeji akiwa ameshafungua ramani ya mfereji wa Rideau, ambao nao una malango ya kusukumwa kwa mkono.