Siku moja maishani mwangu: riakta inayoyumba na valvu ya maji

Saa 11 na nusu alfajiri

Natoka Donholm kabla Jogoo Road haijajaa. Mimi ni enjinia wa mchakato kwa kiwanda kimoja cha kemikali huku Industrial Area, Nairobi, tunapika PVA, ile gundi nyeupe mafundi wa mbao wa Gikomba wanapaka kwa viti na vitanda, na ingine nyingi inaenda kwa watengenezaji wa rangi. Kazi yangu ni kuhakikisha vitu vinavyojiendesha vinajiendesha kweli. Sensa inapima joto, kontrola inalinganisha na joto tulilotaka, valvu inafunguka au inafunga, joto linabadilika, sensa inapima tena, na mambo yanazunguka hivyo mchana na usiku. Hiyo ndio lupu. Ikiwa sawa hakuna mtu hata anakumbuka iko.

Saa 1 asubuhi

Opereta wa usiku ananingoja mlangoni na kitabu cha zamu mkononi, ni mzee ameona riakta hizi, matangi yetu ya kupikia gundi, tangu ziwekwe.

"Madam, namba mbili ilicheza tena."

"Kutoka wapi hadi wapi, Mzee?"

"Sabini na saba, themanini na tatu. Saa tisa usiku nikachoka nikaiweka manyuali, nikaishika na mkono mpaka batch ikaisha."

"Na ulipoishika ilitulia?"

"Ikatulia tu. Nyuzi moja juu, moja chini."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo nilikuwa nayataka. Lupu ikiyumba, kabla hujagusa nambari yoyote unaiweka manyuali unaangalia. Ikiendelea kuyumba na valvu imesimama, basi shida inatoka nje, labda presha ya maji ya kupoza inapanda na kushuka au kuna lupu ingine jirani inaisumbua. Ikitulia, ugonjwa uko ndani ya lupu yenyewe. Mzee hakusoma hii mahali popote lakini ameshanifanyia nusu ya kazi.

Wacha nieleze kwa nini nyuzi tatu juu au chini ya 80 tunayotaka zinatunyima usingizi. Monoma tunayotumia, yaani malighafi ya molekuli ndogo ndogo, ni vinyl acetate, na ikishikana kuwa minyororo mirefu, polima, inatoa joto kali sana, karibu kilojuli 1,000 kwa kila kilo, ambayo inatosha kuchemsha lita tatu za maji ya bomba hapa Nairobi. Ndio maana hatumwagi yote mara moja, tunaiingiza pole pole kwa masaa kadhaa, inaingia inashikana, inaingia inashikana, na maji baridi kwenye jaketi, lile ganda linalozunguka riakta, yanabeba lile joto. Sasa watu wengi wanaogopa joto likipanda. Mimi naogopa zaidi likishuka. Likishuka, monoma inaendelea kuingia lakini haishikani haraka, inajilimbikiza ndani, halafu joto likirudi juu ile yote iliyolala inaamka pamoja. Na vinyl acetate inachemka karibu nyuzi 73 usawa wa bahari, huku kwetu zaidi ya mita 1,600 juu inachemka chini ya hapo, kwa hivyo kwa nyuzi 80 ile ambayo haijashikana inageuka mvuke na presha inaanza kupanda. Kwa hivyo ile 77 ilinikera kuliko 83.

Saa 2 na nusu

Kikao cha asubuhi. Meneja anasema "si ucheze na PID kidogo". PID ni setingi tatu za kontrola, P, I na D. Kila mtu anasema hivyo, sijui kwa nini zile nambari tatu ndizo za kwanza kushukiwa na ndizo pekee hazichakai. Zamu ingine walishacheza nazo wiki iliyopita, wakakata geini, yaani kontrola inasogeza valvu asilimia ngapi kwa kila nyuzi moja ya kosa, nusu kutoka 3 hadi 1.5, na nikiangalia grafu naona mawimbi hayakupungua, yalirefuka tu, yalikuwa yanarudi kila dakika 25 hivi sasa ni 35. Nikaomba riakta ikishamwagwa nipewe hadi alasiri. Nikapewa, kwa sura ya mtu anayekopesha pesa.

Saa 3 na nusu

Hapa ndio penye utamu. Nimeketi na kijana wa atachimenti, yuko mwaka wa nne, uhandisi wa kemikali, na kichwa chake kimejaa hesabu za darasani, Laplace na jedwali la Routh. Nikamfungulia rekodi ya jaribio tulilofanya zamani lupu ikiwa nzima. Monoma inaingia kwa kasi ile ile, tukaifunga valvu ya maji kwa asilimia 5 zaidi tukaacha. Joto likakaa dakika 2 kama halijasikia kitu, hiyo ndio dedi taimu, halafu likaanza kupanda pole pole likatulia nyuzi 4 juu, na asilimia 63 ya hiyo safari ilichukua dakika 20.

Kwa hivyo kila asilimia moja ya valvu ni nyuzi 0.8. Nikamwambia afanye hesabu ya geini, tukubali lupu irudi mahali pake kwa mwendo wa dakika 6. Dakika 20 gawanya kwa 0.8 mara 8, hiyo 8 ni zile 6 na zile 2 za kuchelewa. Akapata 3.1. Akanyamaza, akaangalia ile nambari ya zamani, 3, akaniangalia mimi.

"Madam, si hii ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa. Sasa niambie ingepanda mara ngapi ndio lupu ianze kuyumba yenyewe."

Hiyo ilimchukua muda kidogo. Lupu inaanza kuyumba yenyewe pale marekebisho yanapofika yamechelewa nusu mzunguko, hapo badala ya kupinga kosa yanalisukuma upande ule ule, na kama nguvu haijapungua njiani basi linazunguka bila kuisha. Akatoa mara 6 na nusu. Na kwa lupu kama hii, ambayo inaburuta pole pole na kuchelewa kwake ni kudogo, mawimbi ya geini kubwa yanarudi kila baada ya kama mara nne ya dedi taimu, mara nne ya dakika 2 ni 8. Sisi tunaona 35. Lupu yenye geini kubwa haiwezi kuyumba taratibu hivyo. Hapo PID ikatoka kwenye orodha ya washukiwa na bado hata hatujashika spana.

Kijana akauliza mbona tusitumie njia ya Ziegler na Nichols ya kuchagua geini, wamefundishwa. Nawaheshimu hao wawili, mwaka 1942 walitoa njia ambayo fundi yeyote angeweza kuitumia bila hesabu ngumu, lakini njia yenyewe inataka upandishe geini mpaka lupu iyumbe bila kutulia ndio upime. Kwa tenki la maji sawa. Kwa riakta yenye monoma ndani, nani atakusainia hiyo karatasi?

Saa 4 na nusu

Chai na mandazi mbili. Simu ya mama, anauliza kama nitaenda nyumbani wikendi.

Saa 5 na nusu

Riakta imemwagwa, imeoshwa, ina maji tu. Tunaanza na sensa kwa sababu ni rahisi kuiondoa kwenye maswali. Ni Pt100, sensa ya platinamu ambayo ukinzani wake unapanda na joto, ikiwa nyuzi 0 ina omu 100, ikiwa 80 ina omu 130.9, basi unachomoa waya unaweka kisanduku cha omu 130.9 mahali pake unasoma skrini. Ikasoma 80.1. Sensa nzima.

Halafu valvu. Fundi wa ala akabandika kipande cha masking tape kando ya stemu, ile fimbo inayosogeza valvu, akachora mstari na biro, nami nikiwa kwa kontrola natuma asilimia moja moja tukiongea kwa redio. Arubaini. "Haijasonga." Arubaini na moja. "Bado." Arubaini na mbili. "Bado Madam, nimeweka kidole, haijasonga." Tatu. Nne. Halafu nikasikia kwa redio *tak*, na fundi anacheka, "imeruka!" Imeruka karibu asilimia 4 kwa mkupuo. Ni kama ule mlango wa kuvuta wa matatu ya Nissan, unasukuma, unasukuma, halafu unafunguka wote na kumgonga mtu.

Basi ugonjwa ukajulikana. Ile sehemu ya I kwenye PID kazi yake ni kujumlisha kosa, na haichoki, joto likiwa nusu nyuzi nje inaongeza kidogo kidogo. Valvu imeshikwa, haisikii. I inaendelea kuongeza. Mwishowe nguvu inatosha, valvu inaruka, lakini inaruka kupita pale ilipotakiwa, joto linaenda upande ule mwingine, na I inaanza kujumlisha kurudi. Hakuna geini itakayoponya hiyo. Ukiipunguza geini, I inachukua muda zaidi kufika pale pa kuruka, ndio maana mawimbi yalirefuka. Grafu yenyewe ilikuwa inasema, ishara ya kontrola kwenda kwa valvu inapanda na kushuka kama meno ya msumeno, mistari iliyonyooka yenye ncha, wakati lupu yenye geini kubwa inachora mawimbi laini ya duara.

Kijana akauliza si tuondoe I basi. Swali zuri na jibu lake lina bei. Ukibaki na P peke yake, ambayo inajibu kosa la sasa tu, joto halikai 80. Kwa geini 3 na nyuzi 0.8 kwa asilimia una 2.4, kwa hivyo kitu ambacho kingesukuma joto nyuzi 10 kitakuachia 10 gawanya kwa 3.4, karibu nyuzi 3 za kudumu. Hatutaki.

Saa 7 mchana

Chapo madondo kwa kibanda nje ya geti. Fundi akasema glandi, ile sehemu inayobana pakingi kuzunguka stemu ili maji yasivuje, ilikuwa inavuja mwezi uliopita na mtu wa zamu akaikaza kwa spana ndefu mpaka ikanyamaza. Maji yalikoma kudondoka, kila mtu akafurahi.

Saa 8 na nusu

Kulegeza peke yake hakukutosha, pakingi ilikuwa imesagika na stemu ina mikwaruzo midogo, ikabidi isuguliwe na iwekwe pakingi mpya ya tefloni. Stoo hawana. Uzuri wa Industrial Area ni kwamba kitu kama hicho bodaboda inakuletea ndani ya saa moja, ubaya ni bei.

Katikati ya kazi stima zikapotea. Kompresa ikazima, presha ya hewa inayosukuma valvu ikaanza kushuka, na mbele ya macho ya kijana valvu ya mvuke ikafunga yenyewe, halafu dakika chache baadaye valvu ya maji ya riakta jirani ikafunguka yote. Imefanywa hivyo makusudi, hewa ndiyo inayoifunga valvu ya maji na springi inaifungua, ili mambo yakiharibika riakta ipoe badala ya kuwaka. Ambacho springi haiwezi kusaidia ni kichanganyio, mota ikisimama joto la katikati halifiki kwenye jaketi, kwa hivyo jenereta inatakiwa kuamka haraka, na leo iliamka.

Saa 10 jioni

Tape mpya, mstari mpya. Arubaini, arubaini na moja, "imesonga", mbili, "imesonga". Inadondosha tone moja kwa dakika kadhaa na nikasema iachwe hivyo hivyo. Nikarudisha geini kuwa 3, na muda wa I nikauacha dakika 20 ulipokuwa.

Saa 11 na nusu jioni

Batch mpya, monoma imeanza kuingia. Dakika za kwanza hakuna mtu anaongea sana. Joto likapanda hadi 80.9, likashuka 79.7, likakaa hapo hapo. Meneja akapita akauliza nimebadilisha PID iwe ngapi, nikamwambia nimeirudisha vile ilikuwa mwanzo, akasubiri niendelee, sikuwa na la kuendelea. Fomu ya ripoti ina kisanduku cha "setingi mpya" na lazima kijazwe ndio ikubaliwe, nikaandika zile za zamani.

Saa 1 usiku

Mzee wa usiku amerudi. Nikamwonyesha glandi na lile tone, nikamwambia mtu yeyote akija na spana anipigie simu kwanza, hata kama ni saa nane usiku. Akacheka akasema atailinda. Nilitaka pia tungekuwa na lupu ya pili ndani ya hii, inayoshika joto la jaketi peke yake ili ile ya nje isisumbuke na kila mabadiliko ya maji, nimeiomba kwenye bajeti na bado naiomba. Kesho tunapima valvu za riakta namba moja na namba tatu, maana yule aliyekaza hii sidhani aliishia hapa.