Uwanja wa ndege usio na ndege

Mi ni mtu wa Tanga na baiskeli nimejifunza nikiwa na miaka 34, Berlin, juu ya ranwei. Wenzangu wa Tanga najua mshaanza kucheka, chekeni tu, mji mzima unatembea na baiskeli kuanzia muuza samaki mpaka maalim wa madrasa halafu mimi nikabaki mtu wa kupakiwa kwenye karia, kisa nilianguka mara moja Ngamiani nikiwa darasa la tatu nikasema basi, hii kitu sio yangu.

Hiyo ranwei iko Tempelhof. Nakaa Neukölln, nikitoka nyumbani dakika sita nishafika geti la upande wa Oderstraße, ukivuka tu pale majumba yanaisha ghafla, mbele ni nyasi na lami na mbingu, yani mbingu yote, kitu ambacho Berlin hukioni kirahisi maana mitaani unaona kipande tu katikati ya ghorofa na ghorofa. Zaidi ya hekta 300, piga hesabu ya ekari ni mia saba na kitu. Na ilikuwa eapoti ya kweli, ndo hapa mwaka 1948 Warusi walipofunga barabara za kuingia Berlin Magharibi ndege zikawa zinashusha unga na makaa ya mawe usiku na mchana, karibu mwaka mzima. Uwanja ulifungwa Oktoba 2008, Mei 2010 wakafungua mageti watu waingie. Hawakubomoa jengo wala hawakupanda maua ya urembo, michoro ya lami bado ipo, mishale na mistari ya marubani, sasa hivi inawasaidia watoto wenye viatu vya magurudumu.

Mara ya kwanza nilivyoingia swali langu lilikuwa moja, hili eneo linasubiri nini? Kwetu uwanja ukikaa wazi miaka miwili unaanza kuona mawe yamemwagwa, kesho mchanga, keshokutwa fremu za maduka. Kumbe serikali ya mji ilitaka kujenga nyumba elfu kadhaa pembeni pembeni, wananchi wakapiga kura Mei 2014, wengi wakasema liachwe hivi hivi. Sasa mimi niliyetafuta chumba miezi nane, nikalala kwenye kochi la watu mpaka nikawa najua saa wenyewe wanapoamka kwenda chooni, mimi ndo ningekuwa wa kwanza kusema jengeni. Na kila mjadala ukirudi, na unarudi kweli, nasema hivyo moyoni halafu naenda kutembea kule nabadilisha mawazo. Kura yenyewe sina kwahiyo ni maoni ya bure.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee, nikitoka shifti mgongo hauna mawasiliano na miguu. Naenda kule nakaa tu. Jamani hiki kitu cha kukaa tu kimenichukua muda, nilikuwa nikikaa benchi najihisi kama nimekwepa kazi fulani, natoa simu nijifanye nasubiri mtu. Nyumbani ukionekana umekaa peke yako uwanjani saa kumi jioni lazima dada mmoja aje akuulize kulikoni, umegombana na mumeo? Hapa hakuna wa kukuuliza. Kuna siku hilo ni raha na kuna siku, wallahi, natamani aje huyo dada.

Juni ndo mwezi wenyewe. Jua linazama saa tatu na nusu usiku, watu wanarusha tiara mpaka shingo inauma kuziangalia, kule kwenye eneo la kuchomea nyama moshi umetanda, familia za Kituruki na Kiarabu zimeshuka na mazulia, birika, shisha, bibi na vitukuu, na kuku harufu yake ukifumba macho unaweza kusema uko Forodhani. Mama mmoja aliwahi kuniita kwa mkono, akanipa chai kwenye kile kigilasi chao chembamba, Kijerumani chake kibovu na changu kibovu tukaelewana vizuri sana. Desemba usiniulize. Saa kumi kasoro jua limeshazama na upepo wa kule haukutani na ukuta, unakuja kwako moja kwa moja.

Turudi kwenye baiskeli. Aliyenifundisha ni rafiki yangu Mkenya, alishika siti kwa nyuma anakimbia na mimi anapiga kelele, "usiangalie tairi, wewe mtu wa pwani, angalia mbele!" Mbele hakuna kitu cha kugonga karibu kilomita mbili, sijui kama kuna mahali pengine pa kumfundishia mtu mwoga. Nikanyonga, nikanyonga, nikamwambia usiniachie, kimya, kugeuka namwona yuko mbali huko ameshika kiuno anacheka. Hapo hapo nikaanguka. Goti kovu lipo mpaka leo, ila nilishaendesha.

Wiki iliyopita nikampigia mama video nimwonyeshe. Nikazungusha simu pole pole.

"Mbona hamna kitu?"

"Ndo penyewe mama."

"Ardhi yote hiyo hamkupanda hata mhogo?"

Nikaenda kumwonyesha upande wa bustani za watu, nyanya, alizeti, maboga, vyote vimepandwa ndani ya maboksi ya mbao yamejazwa udongo, maana kuchimba chini hairuhusiwi. Mama akasogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona jicho tu.

"Kwenye maboksi?"

"Ndio mama."

"Na ardhi ipo?"

"Ipo."

Akageuka akamwita jirani, "Mama Zuhura, hebu njoo uone Wazungu wanavyolima."