Thamani ya nyumba mnapoachana: yangu mimi niliyebaki ndani

Anayebaki kwenye nyumba huomba bei iwe ya chini, anayeondoka huomba iwe juu. Hilo halina uhusiano na ubaya wa mtu. Mmoja anatoa fedha, mwingine anapokea. Kwetu mimi ndiye niliyebaki, na baba watoto wangu ndiye aliyeondoka, kwa hiyo ilinibidi nimlipe fungu lake ili nyumba iwe yangu. Tangu hapo watu wengi wananiuliza, wanawake kwa wanaume, na karibu wote wanaanza na "nyumba yetu itakuwa ya bei gani?" Nawaambia hilo lisubiri. Kwanza kubalianeni nani ataithamini, na ni thamani ya tarehe gani.

Tarehe ndiyo watu huipita haraka. Kati ya siku mliyotengana, siku shauri lilipofunguliwa na siku mahakama inapogawa mali, miaka inaweza kupita, na soko haliwasubiri. Tarehe ipi inayoshika hutegemea sheria ya nchi na hata busara ya hakimu, kwa hiyo wakili wako akujibu hilo mapema. Sisi tuliandikiana kwamba thamani itakuwa ya siku ya ukaguzi, na salio la mkopo wa nyumba litasomwa siku hiyo hiyo. Tuliweka saini kabla mthamini hajapatikana. Kwangu hilo ndilo lililotuokoa, maana mtu akishaona namba, hata tarehe anaanza kuichagua kwa faida yake.

Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na bei yake. Yeye alikuwa na tangazo la nyumba ya mtaa wa pili na makadirio ya tovuti moja. Mimi nilikuwa na makadirio ya kodi ya majengo. Vyote havikufaa. Bei ya tangazo ni anachotaka muuzaji, si alicholipwa. Tovuti haijawahi kuingia chumbani kwako. Makadirio ya kodi mara nyingi hufanywa kwa nyumba nyingi kwa mpigo, na yanaweza kukaa miaka bila kuguswa. Jihadharini pia na ripoti ya zamani ya benki: humo huwa mna thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo zaidi, na nimeona mtu akiletewa hiyo ya pili kana kwamba ndiyo bei ya nyumba.

Tulimchukua mthamini mmoja mwenye leseni, asiyemjua yeyote kati yetu, na gharama tukagawana nusu kwa nusu. Maelekezo alipewa kwa barua moja yenye saini zetu wote wawili. Siku ya ukaguzi niliomba baba watoto awepo. Mthamini alipima kuta kwa nje, akahesabu vyumba, akapanda ngazi na tochi kuchungulia juu ya dari. Chumba cha watoto kilikuwa na doa la maji pembeni ya dirisha. Alilibonyeza kwa kidole gumba, plasta ikamomonyoka ikawa unga. Baba watoto akasema paa lilishazibwa. "Lini, na risiti ya fundi iko wapi?" akaulizwa, kwa upole kabisa. Risiti ilipatikana, ikapigwa picha.

Tulipofika jikoni nikamweleza mthamini kwamba nililikarabati kwa akiba yangu mwenyewe. Jibu lake nalirudia kwa kila anayeniuliza: "Mama, gharama uliyotumia na thamani iliyoongezeka ni vitu viwili. Na nani alitoa fedha, hilo si langu, hilo ni la mawakili wenu." Alikuwa sahihi. Thamani ya nyumba ni swali moja, na nani anastahili kiasi gani ni swali jingine. Wengi wanayachanganya, wanaishia kugombana na mthamini kuhusu ndoa.

Ripoti ilipokuja nilikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la nyumba za kulinganisha, yaani zile zilizouzwa karibuni jirani na zinazofanana na yetu. Hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Nyumba iliyouzwa ikiwa na kitu ambacho yako haina, bei yake hupunguzwa. Ikikosa ulichonacho, huongezwa. Angalia ziliuzwa lini, ukubwa wake, na kama muuzaji na mnunuzi hawakuwa ndugu. Ukiona kasoro, andika hoja yako ukiambatanisha ushahidi. Na kama kila upande una mthamini wake na namba zimeachana mbali, msikimbilie kugawa katikati. Wekeni majedwali mawili pamoja mtafute ni nyumba ipi inayoleta tofauti.

Hesabu yenyewe ni fupi. Nyumba ikiwa ya 100 na deni la benki ni 40, cha kugawana ni 60, na kama mgawanyo ni nusu kwa nusu anayeondoka anapata 30, si 50. Kuhusu ada za dalali na gharama nyingine za kuuza, mimi nilitaka zikatwe kwanza kwenye thamani, baba watoto akakataa kwa kuwa hakuna aliyekuwa anauza. Tulijadiliana kweli, mwishoni nikaona hoja yake ina nguvu.

La mwisho ni la benki. Jina kwenye hati na jina kwenye mkopo ni mambo mawili. Kumtoa mwenzako kwenye hati hakumwondolei deni, na benki haifungwi na makubaliano yenu. Lazima ikubali kwamba kipato chako peke yako kinabeba marejesho. Benki yangu ilitaka uthamini wake yenyewe, na namba yake ikaja chini kidogo ya ile tuliyokubaliana. Kwa hiyo mkopo mpya niliochukua ili kumlipa baba watoto haukutosha fungu lote mara moja. Tuliandika kwamba salio litalipwa kwa awamu, na kwamba jina lake litatoka kwenye hati siku awamu ya mwisho itakapoingia.