Ukwato wa Mbele Kushoto

Mlango wa zizi la Binti, farasi wetu wa mbio, ulikuwa umejaa chaki kutoka juu hadi usawa wa magoti. Tarehe, joto la mwili la kila asubuhi, chakula alichobakiza, na kiduara kidogo kwa kila siku aliyotaka dume. Mzee, saisi mkuu wetu, yaani mkuu wa watunza farasi, hakutaka daftari. Alisema daftari hupotea, mlango haupotei. Jumamosi ile, siku nane kabla ya Kenya Oaks, tuliusoma mlango mstari kwa mstari kwa sababu mkufunzi alitaka jibu la swali moja: huyu jike ataziweza mita 2400, au atakatika pumzi zikibaki 300?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Oaks ni mbio za majike wa miaka mitatu peke yao. Jina na umbali vimetoka Epsom, Uingereza, ambako zilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1779, akashinda jike aitwaye Bridget wa Lord Derby. Ugumu wake uko hapa: wengi wa majike hao hawajawahi kukimbia umbali huo wanapoingia. Unampima kwa mbio ambazo hajawahi kuzikimbia.

Binti alikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, kilo 450 hivi, kifua kirefu kwenda chini, mgongo mfupi. Baba yake alikuwa farasi wa mita 1200, mwepesi na mwenye hasira. Mama yake alishinda mita 2000. Kwa ukoo peke yake ungeweza kusema lolote, na ndiyo maana Mzee hakupoteza muda na ukoo.

Asubuhi hiyo alikimbizwa mita 1000 kwa kasi, joki wake mwenyewe mgongoni. Saa ilitoa sekunde 61.8. Kwa kila mita 200: 13.0, 12.6, 12.2, 11.9, 12.1. Vijana walishangilia. Mzee alinyamaza, na alikuwa na sababu. Mita 2400 pale Ngong, juu zaidi ya mita 1700 kutoka usawa wa bahari, huendeshwa karibu sekunde 13 kwa kila mita 200, vipande 12 mfululizo. Farasi kufika 11.9 ni jambo zuri, lakini Oaks haimdai 11.9. Inamdai akae kwenye 13 mara nane au tisa bila kupigana na lijamu, chuma cha mdomoni, ndipo aambiwe akimbie kwa nguvu zote. Kwa hiyo kipande kilichotupendeza kilikuwa kile cha kwanza, cha polepole kuliko vyote: joki alisema Binti aliuma lijamu hatua kumi hivi, kisha akalegeza shingo na kupumua vizuri.

Baada ya hapo tulimhesabia moyo. Unaweka vidole chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, unahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Farasi aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Katika mbio kali huvuka 200. Kinachokuambia habari ni jinsi anavyoshuka. Mwezi mmoja nyuma, dakika kumi baada ya kazi kama ile, Binti alikuwa bado kwenye 88. Siku hiyo alikuwa 72, na baada ya dakika ishirini 52. Puani hapakuwa na tone la damu, wala hakukohoa alipoinamisha kichwa kunywa. Kuna farasi wanaovuja damu mapafuni wakibanwa na kasi, na wengi hawaionyeshi puani mpaka daktari atazame kwa mrija wenye kamera, lakini jike anayeshuka moyo namna hiyo na kumaliza chakula chake mchana hakutupa shaka.

Mlango nao ulisema mema. Joto la mwili 37.6, 37.7, 37.6, bila kuruka. Hilo kwetu ni kubwa, maana kupe huleta homa ya nyongo na joto hupanda kabla farasi hajaonyesha unyonge wowote. Viduara vilionyesha kwamba jike huyu alirudia kutaka dume kila siku 21, na Jumapili ya mbio ingeangukia katikati ya mizunguko, siku anapokuwa mtulivu. Kuna majike ambao hilo haliwabadilishi. Binti lilimbadilisha, katika siku zile alipinga tandiko na kubakiza theluthi ya chakula.

Wapinzani walikuwa sita, na mmoja tu ndiye tuliyemwogopa, jike mkubwa mwekundu aliyependa kwenda mbele peke yake na kuwachosha wenzake.

Jumatatu Mzee alimwambia mkufunzi: "Mama, akitulia nyuma ya wenzake mita 800 za kwanza, wa kwanza au wa pili. Akivuta, wa tatu au wa nne." Mpaka leo sijasikia tathmini bora kuliko hiyo, kwa sababu ilisema sharti lake.

Jumanne alasiri alikuja fundi wa viatu. Farasi wa mbio hufanya mazoezi kwa viatu vya chuma, na siku chache kabla ya mbio huvishwa vya alumini, vyepesi zaidi. Kila kiatu hushikwa kwa misumari sita hadi minane, nayo hupita kwenye ganda la nje la ukwato, lisilo na uhai kama kucha. Ukitazama ukwato kwa chini utaona mstari mweupe unaozunguka ndani ya ganda hilo. Msumari ukae nje ya mstari. Ukiuvuka, unachoma nyama: farasi hushtuka papo hapo na damu huonekana. Lakini kuna kosa la kimyakimya kuliko hilo. Msumari haujachoma, umekaribia tu, unaikandamiza nyama kutoka pembeni. Siku hiyo haonyeshi kitu. Siku ya pili au ya tatu, kwa kuwa amekanyaga na kukanyaga, ndipo maumivu yanapokuja. Ganda la ukwato wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio kama Binti, ni jembamba, na fundi ana milimita chache tu za kuchezea.

Jumatano Binti alitoka kwa mwendo mwepesi na kurudi salama. Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya kazi ya mwisho ya kasi, mita 800. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, gizani, nilipitisha mkono miguuni kama kila siku: goti, kano za nyuma ya mguu, kifundo, ukwato. Kano zilikuwa baridi na zimekaza, kama kamba iliyovutwa. Ukwato wa mbele kushoto ulikuwa na joto kidogo. Pale nyuma ya kifundo, pande zote mbili, mshipa ulikuwa unagonga kidole. Kwa farasi mzima mshipa ule unautafuta ndipo uupate.

Mzee aliagiza akimbizwe taratibu, mwendo wa matiti, kwenye lami, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Kichwa ndicho kinachosema. Mguu mbovu unapotua, farasi huinua kichwa kuupunguzia uzito; mguu mzima unapotua, kichwa hushuka. Kwenda moja kwa moja haikuonekana kitu. Tulipomzungusha duara la kushoto, ambapo mguu wa kushoto wa ndani hubeba zaidi, kichwa kilipanda. Kidogo, lakini kila hatua.

Koleo ya kukagulia kwato ina taya mbili ndefu. Moja hushika chini ya ukwato, nyingine ukutani, kisha unabana sehemu kwa sehemu ukizunguka. Mzee alianzia mguu wa kulia, ambao haukuwa na tatizo, ili ajue Binti huvumilia kubanwa kiasi gani. Kisha kushoto. Msumari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu upande wa nje, akauvuta mguu kwa nguvu hata Mzee akapepesuka. Alirudia mara mbili, na mara mbili akauvuta.

Fundi aliitwa, akanyoosha ncha iliyokunjwa na kuutoa msumari ule peke yake, polepole, kwa mkono ulionyooka. Sote tuliutazama. Ukitoka na maji meusi au usaha, mbio zimekwisha. Ulitoka mkavu, unang'aa. Tundu lilimiminiwa iodini, kiatu kikavuliwa, na ukwato ukafungwa bandiko la pumba za ngano zilizochanganywa na maji ya moto na chumvi ya Epsom, ambayo nayo ilichukua jina lake katika mji uleule zilikozaliwa mbio za Oaks. Juu yake gunia safi na kitambaa. Dawa ya maumivu hatukumpa. Isingetoka mwilini kabla ya Jumapili, na pia ingetuficha kile hasa tulichotaka kukijua.

Ijumaa saa sita mchana mshipa ulikuwa umetulia na ukwato baridi kama wenzake. Kwenye lami, duara la kushoto, kichwa kilikaa pale pale. Alivishwa kiatu upya, na tundu lile la tatu likaachwa wazi. Mkufunzi aliuliza kama akimbie, Mzee akasema akimbie, na hata leo naona alisema sawa. Mguu ulikuwa mzima.

Tulichokosea kilikuwa ndani ya ndoo. Binti alikuwa anakula kilo 5 za nafaka kwa siku, oti nyingi na mahindi kidogo yaliyopondwa, kwa milo mitatu. Chakula hicho ni cha farasi anayekimbia. Akisimama zizini, hata siku moja, nafaka hupunguzwa kwa nusu na nafasi yake hujazwa nyasi kavu. Nguvu isiyotumika huishia kwenye misuli na kichwani. Mbaya zaidi, misuli huweza kukakamaa siku anaporudi kazini, na majike wenye wasiwasi ndio hupatwa zaidi. Tuliyajua hayo yote. Lakini Alhamisi na Ijumaa tuliogopa asikonde, alikuwa anakula kwa hamu, na mimi ndiye niliyejaza hori. Kilo 5, kisha kilo 5 tena. Jumamosi alitoka kwa mwendo mwepesi tu, akarudi anacheza miguu juu ya majani.

Jumapili aliingia kwenye uwanja wa gwaride akiwa na jasho jeupe katikati ya mapaja ya nyuma. Joto la mchana halikuwa kali. Wenzake walikuwa wakavu. Vizimba vilipofunguka alitoka vizuri, joki akamrudisha nyuma ya wawili, na Binti akakataa. Aliinua kichwa, akauma lijamu, akavuta mita 600 nzima mpaka joki akaona afadhali amwachie kuliko kupigana naye. Kwenye kona ya mwisho alikuwa mbele kwa urefu mmoja wa farasi, na watu wetu walikuwa wanapiga kelele. Zikibaki mita 150 hatua zake zikafupika. Jike mwekundu alimpita kwa nje, na mwingine akampita mwishoni. Wa tatu, kwa urefu mmoja na nusu.

Jioni tulimtembeza dakika arobaini, tukaipapasa miguu, tukamtazama puani. Ukwato wa kushoto ulikuwa baridi. Alikunywa, akala, akalala.

Jumatatu nilimkuta Mzee mbele ya mlango na kipande cha chaki. Hakufuta kitu. Kwenye mstari wa Alhamisi na wa Ijumaa, pembeni ya kilo 5 nilizoandika mimi, alikuwa ameandika 2½, akazungushia mstari, akanipa chaki.